Bora Maksai Anayepanda Mlima

Wakati wote nilipokuwa nikitibiwa kifua kikuu, niliamini kwamba vidonge vyake vinamhasi mwanamume. Sisemi nilikuwa na wasiwasi. Niliamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Hata maelezo nilikuwa nayo: dawa inashuka pamoja na damu, ikifika chini inakata kamba ya kwanza, inapumzika, halafu inakata ya pili, na mkojo unatoka mwekundu kwa sababu ya jeraha. Mtu angenipa ubao na chaki, ningewafundisha madaktari wote wa Hanang na chenji ikabaki.

Nawaandikia ninyi mnaokaa sasa hivi kwenye benchi la wanaokohoa, mmeshika kikopo na hamjui mtazame wapi. Mimi si mtaalamu. Nina cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, na kwenye Bailojia nilipata D ambayo niliipigania kama mtu anayemnyang'anya fisi mbuzi. Kwa hiyo habari za wadudu wanaingiaje na wanakaa wapi nitawaachia wenyewe. Mimi nitasema habari ya benchi, ya mkanda wa suruali, ya mke wangu, na ya mlima.

Naitwa Paulo. Kwetu ni Tumati, upande wa Mbulu, lakini maisha yangu yako Katesh, miguuni mwa mlima Hanang. Kazi yangu ni kuwapandisha wageni mlimani kwa miguu na kuwazungusha chini yake kwa baiskeli. Kwetu kazi hii wanaiita ugaidi, kutokana na neno "guide" la Kiingereza cha shule, na mimi ni gaidi, msiogope. Wageni wenyewe siku hizi ni wengi, wanafunzi wa vyuo, vikundi vya kanisa, vijana wa Dodoma wenye viatu ambavyo bado vina harufu ya duka. Siku za sikukuu njia ya Jorodom inajaa kama mnada. Kabla sijaugua nilikuwa napanda huku nasimulia hadithi kutoka langoni mpaka kileleni bila kumeza mate, na wageni ndio walioniomba ninyamaze ili wao wapate kupumua.

Kikohozi kilianza masika. Nikasema ni vumbi. Veronika, mke wangu, akaniuliza vumbi la wapi na mvua yote hii. Nikasema basi ni baridi. Tulikuwa tumeoana baada ya mavuno yaliyopita, bado tunaoneana haya kidogo, kwa hiyo hakubishana sana. Lakini kikohozi hakikuwa na haya. Kilikuwa kinaanzia kwenye nyayo. Nilikuwa nikikohoa Katesh, mbuzi wanasimama Hirbadaw. Jasho la usiku lingeweza kumwagilia bustani ya vitunguu, na mkanda wangu wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine, mpaka ncha yake ikaanza kunizunguka na kunisalimia mgongoni.

Siku iliyonipeleka hospitali nilikuwa na wanafunzi, tunazunguka mlima kwa baiskeli. Kuna kilima kimoja kabla hujaanza kushuka kuelekea Giting. Si mlima, ni kijilima tu, kina mama wenye mizigo ya kuni wanakipanda huku wanapiga soga. Mimi nikashuka kwenye baiskeli. Nikaisukuma. Halafu nikashindwa hata kuisukuma. Msichana mmoja mwembamba, ambaye asubuhi nilimcheka kwa sababu hakujua kubadili gia, akarudi nyuma, akashika usukani wangu.

"Kaka gaidi, lete nikusukumie."

Nilitaka kumjibu kwa utani, kikatoka kikohozi. Nikafuta mdomo kwa kitambaa. Akakitazama kile kitambaa kabla yangu.

"Kaka, hiyo ni damu."

Kwenye kliniki wanaokohoa tulikuwa na benchi letu nje, chini ya bati, upande wa upepo. Mtu yeyote aliyewahi kufika Katesh anaujua upepo wake. Unaambiwa ni mzuri kwa sababu unapeperusha wadudu, lakini ulikuwa unatupeperusha na sisi. Watu wakipita kwenda vyumba vingine walikuwa wanakunja njia kidogo wakifika kwetu, kama njia inavyokunja kwenye mzinga wa nyuki. Ukizoea, unacheka. Mwanzoni hucheki, unatazama viatu vyako.

Muuguzi wetu tulimwita Sista Roza, dada wa umri wangu hivi, ana sauti ya upole lakini hana muda wa kupoteza. Majibu yalipotoka aliniambia ni TB, akaendelea kunieleza mambo mengi kwa muda wa misa nzima. Mimi nilisikia neno la kwanza tu. Niliona mdomo wake unafunguka na kufungika, nikawa naitikia "ndiyo Sista, ndiyo Sista" kama mtu anayeitikia litania. Nasema hivi kwa faida yenu: nendeni na mtu mwenye masikio. Nilichobaki nacho ni kwamba dawa hazina bei, zinamezwa kila asubuhi kwa miezi sita, na mtu wa nyumbani lazima anione nikimeza.

Huyo mtu akawa Veronika. Naye alipimwa, akaambiwa hana kitu. Siku hiyo nilishukuru Mungu kwa lugha zote ninazojua, pamoja na Kiingereza cha masomo ya jioni.

Mama mkwe hakuridhika. Alikuja kutoka Dongobesh na kopo dogo la rangi nyekundu, ya kupaka madirisha, akapaka alama kwenye sahani yangu, kikombe changu, kijiko changu, na sijui kwa nini, kwenye ndoo ya kuogea. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba akiwa amesimama mlangoni, khanga puani. Halafu akamwambia binti yake, mimi nasikia, kwamba mizigo ifungwe, atarudi kwa mumewe mume akipona.

Veronika hakupandisha sauti. Alichukua kikombe changu chenye alama, akamimina chai, akanywa mbele ya mama yake mpaka ikaisha.

"Sista amesema hauambukizi kwa vikombe, mama. Unaambukiza kwa hewa ya mtu anayekohoa ambaye hajaanza dawa. Huyu ameanza. Fungua dirisha hilo, ukae, ule."

Mama mkwe hakula siku ile. Lakini dirisha alilifungua.

Sasa tuje kwenye ule mkojo. Nilikuwa sijamaliza hata juma moja la dawa. Nikatoka nyuma ya nyumba, nikajisaidia, nikatazama chini. Ndugu zangu, ulikuwa mwekundu! Si manjano iliyokolea. Mwekundu kama soda ya chungwa iliyochanganywa na jua la jioni. Nilipiga kelele, kuku wakapanda kwenye paa. Sista bila shaka alinieleza habari hiyo ndani ya ile misa yake, lakini kama nilivyosema, mimi siku ile nilikuwa mwitikiaji tu.

Na kwa bahati, au kwa mkosi, mtu wa kwanza kuja kuniona baada ya hapo alikuwa Gidamis. Gidamis ni rafiki yangu, mfugaji wa Getanuwas, na mkono wake unajulikana: ukiwa na dume la ng'ombe unataka awe maksai, kutoka mlimani mpaka ziwa Balangida ataitwa yeye na koleo lake. Alikuwa ameniletea kibuyu cha maziwa ya mgando, ametembea nacho toka kwao. Nikamweleza.

"Mwekundu kiasi gani?"

Nikamweleza habari ya soda na jua.

Akaweka kibuyu chini taratibu, kama mtu aliyeona nyayo za chui zizini.

"Na kiuno, kinachoka?"

"Kinachoka."

"Na mambo ya nyumbani?"

Nikatazama kuku.

"Paulo, ndugu yangu," akasema, "mimi nimehasi madume tangu sijaota ndevu. Dume ukishalibana, utaliona hivyo hivyo: linalegea, halina hamu, linasimama peke yake pembeni. Wanakuhasi, bwana. Mjomba wangu alimeza hivyo hivyo vidonge, hakuzaa tena."

Sikuuliza mjomba alikuwa na umri gani. Baadaye sana nilisikia kwamba alipougua alikuwa na wajukuu wenye mvi. Lakini siku ile nani angebishana na mtaalamu? Kama fundi baiskeli akikuambia mnyororo umekwisha, unamwomba cheti?

Mtaniuliza kwa nini sikumuuliza Sista Roza. Ninyi hamkulelewa Tumati. Mwanamume wa kwetu anaweza kumwonyesha dada wa watu ulimi wake, makohozi yake, hata mbavu zake zote ahesabu, lakini kumtamkia habari za kule chini, hapana, bora mlima ugeuke. Mara moja nilijitahidi. Nikamwambia, "Sista, mkojo wangu…" Akanijibu bila kuinua macho, "Rangi ya dawa hiyo, usiogope." Nikajisemea, ni kweli, ni rangi ya dawa. Hata kisu kikitoka kazini kina rangi.

Asubuhi moja nikaamua Veronika lazima ajue. Alikuwa jikoni anakoroga uji, vidonge vyangu viko kwenye kisahani.

"Veronika, kaa chini."

"Sikai, uji utaungua."

"Hizi dawa zinahasi."

"Nani kasema?"

"Gidamis."

"Gidamis kasomea wapi?"

"Hakusomea. Anahasi."

Akakoroga. Uji ukawa unapuliza mapovu, puh, puh.

"Na usipozimeza?"

"Nitakufa."

"Kwa hiyo mimi nichague kati ya maksai na kaburi."

"Ndiyo hivyo."

Akautoa mwiko, akaugonga ukingoni mwa sufuria. "Nyumbani kwetu baba alikuwa na dume moja na maksai wanne. Lile dume kazi yake ilikuwa kuvunja zizi na kupigana na madume ya watu. Shamba lililotulisha mpaka tukakua, lililimwa na maksai. Fungua mdomo."

Nikafungua. Kama aliamini au alikuwa ananitania, uso wake haukuniambia. Lakini niliyameza maneno yake pamoja na vidonge, na kutoka asubuhi hiyo nikawa na msimamo. Bora maksai anayepanda mlima kuliko fahali aliyezikwa chini yake. Nilikuwa nikijisemea hivyo kila nikishika kikombe. Msidhani ilikuwa rahisi. Nilikuwa mume mpya, na Dongobesh walikuwa wameanza kuuliza habari ya mjukuu. Kila kidonge nilikihesabu kama mtoto mmoja, na nilivyokuwa nahesabu vibaya, nilishamaliza watoto wa tarafa nzima.

Kipupwe kikaingia, ule msimu ambao mlima unavaa wingu mpaka shingoni na Katesh nzima inatembea imejikunyata. Mwezi ule wa kwanza mlima wangu ulikuwa choo. Kipo nyuma ya nyumba, na niliweka kambi mbili njiani: moja kwenye kamba ya nguo, nyingine kwenye banda la kuku. Nikifika natweta kama mgeni aliyekimbia kutoka langoni. Vidonge vilinifanya viungo viume, tumbo likakataa maharage, na mikono yangu ikawa myembamba hata saa ikawa inapanda mpaka kiwiko. Niliivua. Halafu siku moja, sijui ilikuwaje, niliamka shuka kavu. Kavu kabisa! Nikamwita Veronika aje aliguse. Akaligusa, akalikunja, akaenda kuuficha uso wake nalo chumba cha pili.

Hizo ndizo neema zenyewe. Shuka kavu. Mzee Hassani, mwenye baiskeli za kukodisha pale mjini, aliyekataa kumpa mtu yeyote ile baiskeli ya bluu ninayoongozea wageni, aliitundika ukutani, akiulizwa anasema, "Hiyo ina mwenyewe." Na mama mmoja wa Hirbadaw, tuliyekaa naye benchi moja kila tulipokwenda kuchukua dawa. Nilimwamkia shikamoo siku ya kwanza nikamuuliza kama naye ni mgeni.

"Mgeni wapi, mwanangu! Mimi ni mwanafunzi wa kurudia darasa."

Alikuwa ameanza dawa mwaka uliotangulia. Akapata nafuu, akanenepa, akaona kwenda na kurudi ni usumbufu, akaacha. Ugonjwa ukarudi, na safari hii, alisema, ulirudi na ndugu zake. "Dawa zangu sasa ni nyingi kuliko kunde," akaniambia, akicheka na kukohoa pamoja. "Wewe usirudie darasa. Walimu ni wale wale lakini fimbo zimeongezeka."

Mwezi wa pili nilipima tena. Nilikwenda nimechana nywele, kama mtu anayeenda kupokea zawadi. Sista akasema wadudu wamepungua sana, ila wachache bado wanaonekana, niendelee. Nilirudi nyumbani nimenuna. Veronika akasema wadudu wangu ni kama mimi, wamekaa tu wanasimulia hadithi, hawataki kuondoka.

Lakini Sista alinipa ruhusa ya kutembea. "Tembea, usishindane na mtu," alisema. Nikaanza. Kiangazi kilikuwa kimefika, mlima umevua wingu, na wageni walikuwa wanapita mbele ya nyumba yangu na magaidi wengine, wamebeba maji na miwa. Ule ndio msimu wa kazi. Nilikuwa nakaa kizingitini nawasahihisha kimoyomoyo: huyu kafunga kamba vibaya, yule ataanguka kwenye ile mizizi. Nikachukua fimbo. Kwanza nilifika mwisho wa mtaa. Nikafika kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Siku nilipofika lango la msitu niliishika nguzo yake kama mtu anayesalimiana na shangazi, na mlinzi akaniuliza kama nimelewa. Baadaye nikaingia ndani ya msitu wenyewe, hatua za kinyonga, mpaka kwenye jiwe kubwa ambalo wageni hupumzika na kudanganya kwamba hawajachoka. Nikawa nakaa pale nasikiliza kifua changu. Kilikuwa kinapiga filimbi, lakini filimbi ya chini, siyo ile ya refa.

Hapo kwenye jiwe ndipo Gidamis aliponikuta, miezi kama minne ya dawa imepita. Alikuwa amekwenda nyumbani, akaambiwa niko mlimani, akanifuata. Alinizunguka akanitazama kama anavyotazama ng'ombe wa mnadani. Akanibonyeza bega.

"Umepona, bwana."

"Bado miezi miwili."

"Miezi miwili ya nini? Tazama mashavu. Umepanda mpaka hapa kwa miguu yako." Akachuchumaa karibu, akashusha sauti ingawa tulikuwa sisi na nyani tu. "Sikiliza. Kamba ya kwanza imeshakwenda, hiyo tumwachie Mungu. Ya pili haijakatika. Nimeona madume yaliyobaki na moja yakapanda majike, yakazalisha. Acha dawa leo, Paulo. Leo. Utapata hata mtoto mmoja."

Sitawadanganya. Yale maneno yaliniingia. Nilikuwa najisikia vizuri, nakula ugali wa watu wawili, jasho limekwisha. Nilimwona Veronika akiwa na mtoto mgongoni, nikamwona na kofia ya sufu kichwani, yule mtoto, nikaona hata rangi ya kofia. Na Gidamis hakuwa adui. Ametembea kutoka Getanuwas kuja kuniokoa, na kibuyu cha mgando begani.

Tukiwa tumekaa hivyo, vijana wawili wakashuka mbio, hawana gaidi, vumbi mpaka kwenye kope. Walikuwa wanaimba.

"Shikamoo!" wakatuamkia. "Tumefika kileleni!"

"Marahaba. Mapema hivi?" nikauliza.

"Sisi ni wepesi, mzee! Tazama!" Mmoja akanipa simu nione picha. Walikuwa wamesimama kwenye miamba, mikono juu, meno yote nje. Na nyuma ya vichwa vyao, kwenye picha hiyo hiyo, mlima ulikuwa unaendelea kupanda.

Kila gaidi wa Hanang anapajua pale. Unatoka msituni, unapanda mpaka roho inataka kuhama, unafika juu ya mwinuko, upepo unakupiga, unaona Katesh kama kiganja, unasema nimefika. Hujafika. Mbele kuna mgongo mrefu, unashuka na kupanda, na kilele chenyewe kimekaa mwisho wake kimya. Wengi wanageukia pale. Wanarudi nyumbani wanasimulia, na maisha yao yote hawajui kwamba hawakufika.

Nikamrudishia kijana simu yake. Nikamwambia picha ni nzuri. Wakaendelea kushuka.

"Gidamis," nikasema, "kesho asubuhi nameza."

"Utakuwa maksai."

"Basi nitafutie jembe."

Akakishusha kibuyu begani. Halafu akacheka, cheko la mtu aliyekasirika, akainuka akajipangusa. "Wambulu mna vichwa vya jiwe," akasema. Lakini mgando aliniachia.

Baada ya hapo niliongeza juhudi kama mtu anayedaiwa na mlima. Veronika akiniita nimeze, nilikuwa nimeshakaa, mdomo wazi kama kifaranga. Nikarudi kwenye baiskeli ya bluu; mzee Hassani aliishusha ukutani, akaijaza upepo, akaniambia nizunguke sokoni tu, nisimletee sifa. Nikazunguka sokoni. Juma lililofuata nikatoka nje ya mji. Siku nilipokipanda kile kijilima cha kabla ya Giting bila kushuka, nilipiga kengele mpaka kina mama wa kuni wakanipisha wakidhani nimebeba mgonjwa.

Nikiri jambo moja jingine, na Veronika ameniruhusu kuliandika. Nguvu ziliporudi, zilirudi zote. Mtasema hapo ndipo ningejua. Hapana! Nilimweleza Gidamis kwa mbali, kwa mafumbo, naye akatikisa kichwa kwa huruma. "Dume likishahasiwa," akasema, "linaendelea kupanda majike wiki kadhaa. Ni mazoea tu." Nikaelewa. Elimu yake ilikuwa haina tundu.

Mvua za kwanza zilinyesha vidonge vinakaribia kwisha. Harufu ya udongo ikapanda, watu wakatoka na majembe ya kukokotwa, na kila upande unasikia wanavyowaita maksai wao kwa majina. Nilisimama pembeni ya shamba moja nikiwatazama wanavyovuta, wametulia, vichwa chini, mfereji unafunguka nyuma yao umenyooka kama rula. Nikasema moyoni, sawa. Kazi kama hiyo naiweza.

Siku ya kipimo cha mwisho nilikuwa nimepeleka vikopo viwili vya makohozi. Nilikuwa sina makohozi tena, ikabidi nijitahidi kama mtu anayechimba kisima kiangazi. Veronika alikuja nami. Mama wa Hirbadaw alikuwepo kwenye benchi, ananenepa, darasa lake lilikuwa linakwenda vizuri. Tukakaa. Upepo ukatupiga. Dirisha la maabara likafunguliwa, kijana wa maabara akainamisha kichwa nje, akaniita karibu.

"Paulo, majibu yako tayari. Hasi."

Mimi namba hasi nilizisoma, msinicheke. Nazijua, zinakaa kushoto kwa sifuri. Lakini kifuani kwangu hakukuwa na namba. Na kwetu wafugaji neno hilo lina kazi moja tu.

Nikashika ukingo wa dirisha. "Zote mbili?"

"Zote mbili hasi," akasema kwa furaha, akafunga dirisha.

Nilivua kofia. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo toka kipupwe. Nikarudi kwenye benchi nikakaa. Veronika akanishika mkono, akaniuliza amesema nini, nikamwambia, "Imekwisha. Zote mbili." Mama wa Hirbadaw akaanza kupiga vigelegele, nikashangaa mtu mzima anawezaje kushangilia jambo kama lile.

Sista Roza akatoka mlangoni kwa sababu ya vigelegele. Akanikuta na kofia magotini, machozi yanashuka.

"Kaka Paulo, kulikoni? Hukuambiwa majibu?"

"Nimeambiwa, Sista. Nashukuru. Nilishakubali tangu zamani."

"Ulikubali nini?"

Nikatazama viatu vyangu. Haya ya Tumati ikanipanda mpaka masikioni, lakini kwa kuwa hakukuwa na cha kuokoa tena, nikasema. "Kuwa maksai."

Benchi zima likanigeukia. Hata upepo, kama nakumbuka vizuri. Veronika aliziba mdomo kwa khanga na mabega yake yakaanza kutikisika. Sista alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Dawa za TB hazimhasi mtu. Mkojo ule ni rangi ya dawa tu, ukiacha unarudi kama zamani. Hasi maana yake tumepima vikopo vyote viwili na hatukuona mdudu hata mmoja. Umepona, kaka Paulo. Mchukue mkeo mwende nyumbani."